Mafuta ya Breki ya Shangazi Agatha

Kila Jumamosi asubuhi Limi alifagia gereji ya shangazi yake, nyuma ya nyumba yao pale Isaka, kisha akapanga spana kwa ukubwa. Alikuwa darasa la sita, na maswali hayakumwisha mdomoni. Shangazi Agatha aliendesha lori siku za kazi, lakini moyo wake ulikuwa kwenye gari dogo jekundu la mashindano. Jumamosi moja alikuwa akiliandaa kwa mbio za magari za kesho yake, katika uwanja wa changarawe nje ya mji.

Asubuhi hiyo Shangazi alikuwa kanisani kwa mazoezi ya kwaya, ndipo jirani yao, mzee Ngassa, akaingia akihema, kopo tupu mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Fundi amenibadilishia mpira wa breki kwenye kirikuu changu cha kubebea mizigo, mafuta yamepungua. Nigawie kidogo, nyanya zitaniozea!"

Limi hakusita. Kwao jirani hanyimwi chumvi wala kiberiti, na mafuta ya breki aliyaona vivyo hivyo. Akafungua chupa mpya ya Shangazi, akammiminia. Ngassa akashukuru, akaondoka. Chupa sasa ilikuwa nusu, na Limi akaogopa kugombezwa. Akachukua chupa ya zamani iliyokaa wazi rafuni siku nyingi, akajazia. Rangi ilikuwa ileile. Nani angejua?

Shangazi aliporudi, alimwaga mafuta ya breki yaliyokuwa ndani ya gari na kuweka yale ya chupani. Kisha wakaanza kutoa upepo kwenye breki: yeye akilegeza nati kwenye gurudumu, Limi akikanyaga pedali.

"Shangazi, kwa nini hukununua mafuta ya kawaida?"

"Barabarani yanatosha. Kwenye mbio nakanyaga breki kila kona, zinapata moto mkali. Mafuta dhaifu yanachemka, yanatoa mapovu, pedali inazama mpaka chini na gari halisimami. Ndiyo maana kabla ya kununua nilisoma kwenye chupa yanachemka kwa joto gani yakiwa mapya, na kwa joto gani yakishanyonya unyevu. Chupa ikikaa wazi inanyonya unyevu wa hewa, basi mafuta hayafai tena."

Mguu wa Limi uliganda juu ya pedali. Aliona gari jekundu likipitiliza kona, Shangazi akiwa ndani. Machozi yakamtoka.

"Shangazi, usiende kesho! Nilimgawia mzee Ngassa, nikajazia ya zamani."

"Limi! Unataka kunizika?"

Shangazi alikasirika kweli. Alikaa juu ya tairi, akafuta mikono polepole, hasira ikaanza kushuka.

"Nenda kwa Ngassa. Mwambie mwenyewe ulichofanya, atusaidie kupata chupa nyingine."

Limi alikwenda, akamweleza yote. Ngassa alishika kichwa, akateremsha matenga ya nyanya na kuondoka na kirikuu kwenda Kahama kununua mafuta mengine kabla maduka hayajafungwa. Alirudi na chupa ya mafuta yaleyale, ambayo kizibo chake hakijaguswa. Walimwaga kila kitu, wakaanza upya, na Limi alikanyaga pedali hadi paja likauma. Safari hii pedali ilikuwa ngumu chini ya mguu wake.

Jumapili, baada ya misa, Limi alisimama nyuma ya kamba na Ngassa. Gari jekundu lilikuja kasi kwenye kona kali kuliko zote. Limi alifumba macho. Alipoyafumbua, vumbi lilikuwa limetanda, na Shangazi ameshapita salama. Alimaliza wa nne, lakini Limi alipiga vigelegele kuliko mashabiki wa mshindi.

Shangazi alivua kofia ngumu, akamvuta karibu.

"Kumgawia jirani hukukosea. Ulikosea ulipoficha. Nikikanyaga breki, nimekuamini wewe uliyeshika chupa. Ukiharibu, sema mapema, tutatengeneza pamoja. Ukinyamaza, tutakuja kulia pamoja."

"Nitasema, Shangazi."

"Najua. Mbio zijazo, mafuta utachagua wewe."