Mshale Umelala Sifuri

KABLA YA ADHANA

"Nimesema siendeshi."

"Na mimi nasema utaendesha."

"Basi shika usukani wewe mwenyewe, Chirau. Injini ikijifunga katikati ya daraja la Makupa, lori mbele, lori nyuma, utawaeleza polisi kwamba uligonga kioo cha geji na mshale ukaamka."

Haroun alicheka kwa pua. Alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu, karatasi ya viazi karai mapajani, ukwaju ukimtiririka vidoleni.

"Wallahi huyu mwanamke," alisema. "Watu twaenda kuiba dhahabu, yeye alia oili."

"Nyamaza wewe," Jael alisema. " Kazi yako ni ufunguo. Kazi yangu ni kuitoa hiyo dhahabu kisiwani."

Chirau hakucheka. Alisimama mbele ya gari, mikono kiunoni, kama mtu anayezuia mlango. Walikuwa chumba cha nyuma cha karakana yake, Makupa, bati la mlango limeshuka, joto limepanda. Gari lilijaza chumba. La michezo, milango miwili, rangi ya fedha, tumbo karibu liguse sakafu. Chirau alilileta mwenyewe na hakusema lilikotoka.

Asubuhi hiyo Jael alilizungusha mara moja kulijaribu. Kwenye tuta la kwanza mshale wa presha ya oili ulianguka. Ukapanda. Ukaanguka tena, ukalala sifuri. Akalirudisha akiliendesha polepole, madirisha wazi, akisikiliza.

"Mshale ni mshale tu," Chirau alisema. "Magari ya Japani haya, geji hufa kabla ya gari."

"Huenda. Au pampu ya oili imekufa. Ukiangalia kioo tu huwezi kujua ni ipi."

"Hatuna wakati."

"Tunao. Bado hata adhana haijaadhiniwa."

Chirau alivuta pumzi. Kisha akarudia mpango kwa sauti ya chini, kama anayemtuliza mtoto. Mjomba wake Haroun, Mzee Akil, ni sonara Mji wa Kale. Ijumaa hufunga duka mapema apate safu ya kwanza msikitini. Dhahabu za harusi alizomaliza kusafisha hazirudishi kwenye sefu. Huziacha mezani chini ya kitambaa, kwa sababu hapo mtaani hakuna aliyewahi kusikia duka likivunjwa watu wakiwa kwenye sala ya Ijumaa. Haroun ana nakala ya ufunguo wa mlango wa uani. Mlango huo unafungukia kichochoro kisichopita. Tuktuk ya Chirau itasubiri ndani ya kichochoro, Jael na gari mdomoni. Chirau atamletea mfuko. Jael atatoka nao kwa daraja la Makupa, atawangoja ng'ambo, Kibarani. Wao wawili watafuata na tuktuk, mikono mitupu, kama watu waliotoka kusali.

"Na nikikamatwa mimi?" Jael aliuliza.

"Hukamatwi. Kwani gari la kukimbia tumemletea nani?"

Jael alimtazama. Alishafungwa mara moja, kwa kazi ya watu wanne. Wenzake watatu walikimbia, yeye akasimama kizimbani peke yake na kusomewa mashtaka ya wote. Nyumbani kwao, bara, walimfuta. Huko ndani hakutembelewa na mtu mpaka siku askari alipoita jina lake. Alikuwa Chirau, na mkate na sabuni ya kufulia. Hawakuwa hata marafiki wakati huo. Alipotoka, Chirau akampa spana na kona ya karakana, na wateja waliocheka fundi mwanamke akawaambia wapeleke magari yao kwingine.

Kwa hiyo alikuwa na sharti moja tu katika maisha yake, na Chirau alilijua. Kizimbani peke yake hasimami tena.

"Napima," alisema. "Nikikuta injini nzima, naendesha."

"Injini tu. Dashibodi usiifungue, tutakesha hapa."

Alifungua boneti. Akavuta kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakivuta tena. Oili ipo, safi, mpaka juu. Akawasha injini, akaegemeza ncha ya bisibisi kwenye kichwa cha injini na sikio kwenye mpini wake. Injini isiyopata oili hugonga kama cherehani mbovu. Hii haikugonga.

Akaizima. Akafungua sensa ya presha ubavuni mwa injini, akaikagua mwangani. Nzima. Mahali pake akafunga geji yake ya mkono, ile yenye mpira mrefu, isiyotumia umeme. Akawasha tena. Mshale wa geji ya mkono ulipanda ukatulia pale pale panapotakiwa. Alipokanyaga mafuta, ukapanda zaidi. Alipoachia, ukashuka taratibu.

"Unaona?" Chirau alisema.

"Naona. Pampu nzima. Oili inazunguka."

"Basi twende."

"Ina maana kinachodanganya ni umeme."

"Nimekwambia basi, Jael!"

Alifoka. Haroun aliacha kutafuna. Chirau hakuwa mtu wa kufoka. Mwenyewe alisikia sauti yake ikirudi kutoka kwenye mabati, akalainika.

"Umekula?"

"Bado."

"Haroun, mwachie viazi." Akachukua funguo za tuktuk. "Tunatangulia. Rudisha sensa, vaa kitu cha heshima, utukute pale. Usichelewe."

Bati lilipanda, likashuka. Jael akabaki na gari.

ADHANA YA KWANZA

Sauti ilianza msikiti mmoja, mwingine ukaidaka. Nje wenye malori walipunguza kelele. Jael alirudisha sensa, akaikaza. Sasa angeweza kuondoka.

Hakuondoka. Jambo lisilomalizika lilimwasha mikononi. Alichukua kipande cha waya, akagusisha waya wa sensa kwenye chuma cha injini, akachungulia ndani. Mshale ulipaswa kuruka. Ulitikisika kidogo tu, ukalala. Basi sensa haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa nyuma ya kioo.

Skrubu za dashibodi zilifunguka kwa urahisi mno. Vichwa vyake vilikuwa na mikwaruzo mipya.

Aliingiza mkono mpaka kiwiko, akapapasa. Geji zote za gari hilo hurudisha umeme wake kwenye bolti moja, iliyofungwa kwenye chuma cha mwili wa gari. Bolti ilicheza vidoleni mwake. Mtu aliifungua akaongeza waya mmoja chini yake, halafu akaikaza kwa haraka, nusu nusu. Kila gari likiruka, geji inakosa njia. Kosa la mwanafunzi, au la fundi anayefanya kazi gizani akisikiliza mlango.

Aliufuata ule waya wa ziada. Uliishia kwenye kisanduku cheusi, kidogo kama kiberiti, kimefungwa nyuma ya redio. Taa ndogo ya kijani ilipepesa. Ndani kulikuwa na laini ya simu.

Traka. Popote gari litakapokwenda, mtu ataliona kwenye simu yake.

Huenda ni ya mwenye gari, alijiambia. Magari mengi yanazo. Akauinamisha waya kwenye mwanga, atazame ulivyoungwa.

Utepe mweusi ulikuwa mpya, bado unang'aa. Umezungushwa kwa kubana. Na ncha yake ya mwisho ilikuwa imekunjwa kwa ndani, ikabaki sikio dogo la kuvutia.

Jael aliketi kwenye kiti cha dereva.

Kwa mafundi wote wa umeme wa magari aliowaona Makupa, mmoja tu hukunja ncha ya utepe. Wengine hukata wakaacha. Siku zake za kwanza karakanani, aliyemfundisha alimshika kidole kabisa akamwonyesha. Kunja hivi, dada. Siku moja atakuja mwenzako kufungua, asiumie kucha.

Mwenzako.

Alikaa hapo mpaka adhana ikaisha. Viazi vilikuwa juu ya tairi, vimepoa. Alitaka kumpigia mtu simu, amwambie tu: sikiliza, nimeona kitu hiki. Akapitia majina kwenye simu yake. Wauza vipuri. Mwenye nyumba. Haroun. Chirau. Akairudisha mfukoni.

Labda ana sababu. Labda anachunga mali tu, mtu na dhahabu hawaaminiki. Labda.

Aliikaza bolti. Akafunga dashibodi, traka akaiacha ilipokuwa. Alipowasha gari, mshale ulipanda mara moja.

KHUTBA

Mji wa Kale ulikuwa umejifunga. Milango imerudishwa, mabaraza matupu, paka peke yao barabarani. Sauti ya khatibu ilitoka kwenye vipaza ikapita juu ya nyumba, ndefu, bila haraka. Gari la fedha liliponguruma kwenye barabara nyembamba, mwanamke mmoja alifungua dirisha la ghorofani akalitazama mpaka likapita.

Hapo Jael akauona upumbavu wake. Hapa mtu husahau tuktuk kabla haijakata kona. Gari hili kila aliyeliona atalitaja. Hakuletewa gari la kukimbia. Aliletewa gari la kuonekana.

Aliegesha kwenye mdomo wa kichochoro, pua ikitazama barabara. Kwenye kioo cha nyuma aliona tuktuk mwisho kabisa, karibu na ukuta. Mlango wa uani ulikuwa wazi kidogo.

Alisubiri. Khatibu alimaliza, akaomba dua, watu wakaitikia amina.

Chirau alitoka ndani akija haraka, bila kukimbia. Mfuko wa turubai begani. Aliuingiza dirishani ukaanguka mapajani mwa Jael.

"Twende. Makupa, usisimame popote."

"Mmezipata?"

"Zote."

"Kaka Chirau." Hakuwa amepanga kusema. "Kuna kitu unataka kuniambia?"

Chirau alimtazama. Kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa ule wa siku ya mkate na sabuni. Angesema lolote. Angesema shuka uache gari, ingetosha.

"Geji inafanya kazi?" Chirau aliuliza.

"Inafanya."

"Ilikuwa nini?"

"Bolti."

"Haya. Nenda salama, dada."

Alirudi kichochoroni. Jael aliuminya mfuko. Dhahabu ya harusi ni minyororo, bangili, vitu vinavyoteleza. Hivi vilikuwa vigumu, vya mviringo, vinakwaruzana. Alifungua zipu. Beringi za magurudumu, zilizoliwa na kutu. Alizijua. Yeye ndiye aliyezitoa kwenye lori wiki iliyopita.

Kwenye kioo, Chirau alikuwa amesimama kando ya tuktuk na simu sikioni. Alikuwa anatazama nyuma ya gari. Midomo yake ilikwenda polepole, ikisoma namba, herufi kwa herufi.

SALA

Sauti ya imamu ilikuwa imebadilika. Sasa wanasali.

Angeweza kuacha gari hapo hapo na kutembea. Angefika stesheni, angepanda basi la kwenda popote. Dhahabu ingetoka kichochoroni kwenye tuktuk, na namba waliyosomewa polisi ingebaki na gari lenye alama za vidole vyake kila pembe, hata nyuma ya redio. Wangemtafuta yeye. Wangempata, kwa sababu hana mtu wa kumficha. Na kizimbani angesimama na nani?

"Peke yangu siendi," alisema kwa sauti, ndani ya gari tupu.

Akaingiza gia ya nyuma.

Gari liliingia kichochoroni kinyumenyume. Kioo cha pembeni cha kushoto kilivunjika kwenye kona. Cha kulia kikafuata. Chuma kilikwaruza mawe pande zote mbili, cheche zikaruka, naye akakanyaga mafuta. Liliingia hadi likakwama, milango imebanwa na kuta, hakuna pa kupita hata paka. Akazima injini.

Chirau alifika mbio akapiga kioo cha nyuma kwa viganja.

"Jael! Umerukwa na akili? Toa gari!"

"Haliendi."

"Utatufunga sote!"

"Sote," Jael alisema. "Ndiyo."

Haroun alitokea mlangoni na mkoba wa ngozi kifuani, akaona, akaelewa. "Nilikwambia asiiguse geji! Si nilikwambia, yakhe?"

"Panda juu!" Chirau alimwambia. "Pita juu yake!"

Haroun alipanda, viatu vikateleza kwenye rangi. Akafika juu ya paa, akainuka. Kipaza kikasema assalamu alaikum warahmatullah, upande wa kulia, kisha wa kushoto. Barabarani kofia nyeupe za kwanza zilikuwa zinatoka. Haroun alizitazama. Kila mmoja pale alimjua yeye ni mtoto wa nani. Alijilaza juu ya paa na mkoba wake kama mtu anayeogopa kuanguka.

Chirau alikuwa ameacha kupiga. Aliegemeza paji la uso kwenye kioo.

"Ningekuja kukuona," alisema. "Wallahi, Jael. Kila wiki ningekuja."

"Najua."

Jael aligeuka mbele, akaweka kiwiko juu ya honi, akakilalia kwa uzito wake wote. Mlio ulijaza kichochoro, ukatoka barabarani. Vichwa vikageuka. Watu wakaanza kuja. Hakukiondoa.