Kiziwi wa Kaunta Namba Mbili

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku nne kabla ya mwisho wa kuwasilisha ritani za kodi, mkunga mstaafu aliweka fomu yake kwenye kaunta namba mbili, kila risiti imebanwa mahali pake. Mkaguzi wa kodi alibonyeza kompyuta, akakunja uso.

"MAMA, ULISHAWASILISHA WIKI ILIYOPITA!" alipaza sauti hadi foleni nzima ikageuka. "NA MAREJESHO YAMESHALIPWA!"

"Punguza sauti, mwanangu, nakusikia. Amelipwa nani?"

Mkaguzi aliona haya. Akaichapa ile ritani, akamsogezea. Ilidai nafuu ya wazee waliotimiza miaka sitini na mitano, makato ya dawa za presha, na makato manene ya kifaa cha kusaidia kusikia. Fedha zilikwenda kwenye akaunti ya simu yenye jina lake, ila namba haikuwa yake.

"Nani mwingine anagusa karatasi zako?"

"Mpwa wangu. Nakaa naye."

Saa tano mpwa aliketi mbele ya mkaguzi. Alikuwa fundi simu, mtu mzima mwenye ndevu, na jasho lilikuwa linamtiririka.

"Simu ya shangazi yako unaishika?"

"Kila siku."

"Namba yake ya siri?"

"Naijua."

"Na kufungua akaunti ya simu kwa jina la mtu mwingine?"

"Kwa kazi yangu, najua. Lakini sikufanya!"

Mkaguzi alikuwa ameshaanza kuandika jina lake pale mkunga alipoweka kidole juu ya ritani.

"Mwache. Huyu akifungua biskuti chumbani kwake, mimi jikoni namwambia aniletee mbili. Angeniandikia kifaa cha kusikia?"

Kalamu ya mkaguzi ikasimama.

"Aliyeandika hapa anaamini mimi kiziwi," mkunga aliendelea taratibu, kama anayehesabu mapigo ya moyo. "Na kiziwi nimejifanya mara moja tu. Mwezi uliopita nilikwenda kwa mshauri wa kodi, ghorofani juu ya duka la viatu. Alipofika kwenye malipo yake akaanza kumung'unya maneno. Nikaweka mkono sikioni ili ayatamke. Kumbe anataka theluthi ya marejesho! Nikaondoka, lakini nakala ya kitambulisho changu ilibaki mezani kwake."

Miaka kumi na minne mkaguzi alikuwa akisaka wakwepa kodi, na hakuwahi kuona kesi ikifunuliwa kwa biskuti.

Saa nane mchana walipanda ngazi, na askari mmoja. Mshauri aliwapokea kwa tabasamu.

"Huyu mama simjui. Wazee wanaokuja hapa ni wengi."

Mkunga akaenda kusimama dirishani, amewapa mgongo. Mkaguzi akauliza hili na lile. Mshauri akamwinamia karani wake, midomo haichezi: "Faili la kijani. Litoe kwa mlango wa nyuma."

"Faili la kijani lina nini, baba?" mkunga aliuliza bila kugeuka.

Karani akaliweka faili mezani. Askari akalifungua faili: nakala za vitambulisho vya wazee kumi na mmoja, ya mkunga ikiwa juu kabisa.

"Nilianza na marehemu baba yangu," mshauri alisema. "Alikatwa kodi mpaka anakufa, hajui kwamba ana nafuu. Nikadai kwa jina lake, wakalipa. Nikaona fedha za wazee zinalala tu, hakuna anayeziuliza. Sikujua kama yupo anayejaza fomu mwenyewe."

"Ungewafundisha kuziuliza," mkunga alimwambia. "Baba yako angefurahi."

Mshauri alishuka ngazi na askari, macho chini.

Mkaguzi alifunga faili. "Fomu yako nitaipitisha leo, mama. Hao wengine tutawaandikia barua."

"Barua! Nusu yao hawaoni vizuri, na nusu wakiona muhuri wa kodi wanapandwa na presha. Wa karibu anakaa wapi?"

Mkaguzi akatazama saa, akatazama viatu vyake, akambebea mkoba. Saa kumi kasorobo walikuwa mlangoni kwa mzee wa kwanza. Sauti ya woga iliuliza kutoka ndani, nani?

"Mkunga," alijibu. "Fungua, ndugu yangu. Una haki yako ambayo hukuwahi kuambiwa."