Namba Bila Uzi

Dobi aliibamiza pasi mezani. Siku ya tisa hiyo, na mdogo wake hajaandika hata salamu. Ana mimba ya kwanza, miezi imetimia, halafu anamnunia dada yake!

"Simpigii ng'o," aliapa. "Anitafute yeye."

Mchana mama yao akapiga simu. "Una roho gani wewe? Mwenzio kajifungua juzi. Kakuandikia mara nne, hujibu!"

Dobi akaifungua simu yake, asikute ujumbe hata mmoja. Kisha hasira zikampanda upya, safari hii kwa mwingine. Programu aliyotumia kuandikiana na watu ilitengenezwa na shemeji yake, mdogo wa mumewe. Ilikusanya ujumbe kutoka mitandao mingi midogo. Kila mtandao ulikuwa na seva yake, yaani kompyuta inayotunza watu wake. Alimwita shemeji, naye akaja mbio.

Shemeji aliichunguza simu. "Wiki iliyopita ulimzuia mtu?"

"Ndiyo. Tapeli mmoja, alinichosha."

"Namba yake ni 318. Na mdogo wako ni 318."

"Mdogo wangu ni tapeli?"

"Hapana, shemeji! Wako seva mbili tofauti. Kila seva inahesabu watu wake kuanzia moja. Programu yangu inalinganisha namba peke yake. Ikaona ni mtu mmoja, ikawazuia wote."

Dobi akavuta mashuka mawili, akamtupia. "Soma namba iliyoshonwa hapo kwenye pindo!"

"Kumi na mbili. Na hili... kumi na mbili."

"Uzi je?"

"Hili mwekundu. Hili bluu."

"Mwekundu hospitali, bluu hosteli. Umewahi kusikia nimepeleka shuka la hosteli wodini? Sikusomea kompyuta mimi, lakini sisomi namba bila uzi!"

Shemeji alikaa juu ya kapu la nguo, akafungua kompyuta yake, akarekebisha. Sasa programu inatunza jina la seva na namba pamoja. Vyote viwili vikifanana, ni mtu yule yule. Kimoja kikitofautiana, ni mwingine.

Simu ikalia mara nne. Dobi akasoma ujumbe wa kwanza: "Dada, uchungu umeanza. Naogopa. Niandikie hata neno moja."

Hakuwa tena na wa kumgombeza. Akapiga simu. Ikapokelewa, kichanga kikilia kwa nyuma.

"Nitukane kwanza, mdogo wangu," alisema. "Nakusikiliza."