Aliyelala Badala Yake

Fundi cherehani aliporudi kitandani saa nane usiku, aliukuta upande wake una joto. Aliupapasa mara mbili. Mumewe, mchomelea vyuma ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche, alikuwa amelala mbali, kauelekea ukuta. Godoro lilinuka pamba mbichi, kama nguo iliyosahauliwa ndani ya beseni.

Miezi saba alikuwa hajapata usingizi wa maana, na mtu asiyelala huona mengi. Siku chache kabla ya hapo alishona kola tatu za sare za shule nje ndani, ya nne akajidunga sindano mpaka kwenye kucha. Ndipo alipokwenda hospitali. Mshauri wa usingizi, binti mpole mwenye miwani, alimnyima vidonge akampa masharti: kitanda ni cha kulala tu, dakika ishirini zikipita macho makavu, toka, kakae chumba kingine mpaka usingizi ukuvute, amka saa ile ile kila siku, andika yote daftarini.

Asubuhi Cheche alikunywa chai akichekelea. "Masharti ya yule binti yanafanya kazi. Jana umelala fofofo, mpaka ukakoroma."

"Mimi? Nilikuwa sebuleni, Cheche. Nimepanga vifungo mpaka saa nane."

"Basi labda niliota," alisema, akainamia kikombe.

Mshauri alilisoma daftari akasikiliza. "Hutokea, dada. Mtu hulala akaamini hakulala. Mwili umeanza kujifunza. Sasa tupunguze muda wa kitandani: ingia saa saba usiku, toka saa kumi na moja alfajiri. Usikate tamaa hapa."

Alitii, maana alitaka kupona. Saa zote hizo alizokaa sebuleni, upande wake ulibaki wazi.

Usiku wa kumi na moja alisikia mkoromo. Wa Cheche aliujua, kama msumeno. Huu ulikuwa mwembamba, una kamluzi mwishoni, na ndio ule dada zake waliomtania nao tangu utotoni. Akainuka, akapita ukumbini akishika ukuta, na kadiri alivyokaribia ndivyo harufu ya pamba mbichi ilivyomjaa kooni, akausukuma mlango taratibu, na kwa mwanga wa taa ya barabarani uliopenya dirishani akaona mkono wa mumewe umemkumbatia mwanamke aliyeupa mlango mgongo, amevaa gauni la kulalia lile lile alilolivaa yeye wakati huo, na kiraka kile kile begani, na mgongo ule ukipanda na kushuka kwa raha, kwa utulivu ambao yeye alikwisha kuusahau, mpaka kile kiumbe kikaacha kukoroma, na bila kugeuka kikasema kwa sauti yake yeye: "Funga mlango. Baridi."

Shangazi yake alimleta mganga mchana wa siku iliyofuata. Mganga alifukiza chumba, akasoma, akanyunyiza maji pembe zote nne. Mbele ya kitanda alisimama muda mrefu.

"Jini huyu hakuvunja mlango," alinong'ona. "Kakuta nafasi, na kuna mtu kamwambia karibu."

Wote wakamtazama Cheche.

"Nilijua tangu wiki ya kwanza," alisema kwa sauti ndogo. "Huja baridi, kisha hupata joto."

"Ukanyamaza?" mkewe aliuliza.

"Miezi saba, mke wangu. Unageuka, unalia, unawasha taa. Na mimi alfajiri nakwenda kushika moto. Nilichoka. Yule analala, na mimi nikiwa naye nalala."

Mganga alikunja mkeka wake. "Nimtoe vipi, na mwenye chumba anamtaka?"

Jioni ile fundi alihamia kwa shangazi yake. Alimsihi mumewe waondoke wote. Cheche akasema kesho.

Wiki ya pili Cheche hakuonekana kazini, wenzake wa karakana wakavunja mlango. Walimkuta hai, usingizini, anatabasamu. Hakuna kilichomwamsha: si maji, si makofi, si sindano za daktari. Huu ni mwezi wa nne.

Fundi huenda wodini kila mchana, macho mekundu, humkata kucha na kumpa habari za karakana. Manesi humlaza katikati. Wakirudi humkuta amesogea pembeni kabisa, mkono ameunyoosha juu ya shuka.

Juzi nesi wa zamu ya usiku, aliyefika kazini mapema, alimkabili mlangoni.

"Mama, naelewa uchungu wako. Lakini usiku usipande kitandani kwa mgonjwa. Nimekukanya mara tatu, hata hunijibu, unavuta shuka tu."

Fundi hakuwahi kukanyaga wodi ile baada ya jua kuzama. Akauliza jambo moja tu.

"Huwa nalala?"

"Tena usingizi wa pono," nesi alisema.