Mita Haihesabu Baridi

Asubuhi nyumbani kwetu huanza na taulo. Dada analilowesha, analikamua, anamfunika nalo mumewe mgongoni. Shemeji anakaa kidogo, anasimama, anakwenda dirishani, anarudi. Hawezi kutulia.

"Mkwe wangu, utatoboa sakafu," Mama humwambia.

"Nikitoboa nitaona wa chini wamepika nini, mama."

Shemeji alikuwa mchoma mikate. Siku moja tanuri lilimrushia moto ukamuunguza mgongo, kifua na mikono yote miwili. Amepona, lakini ngozi mpya haitoi jasho. Daktari alitueleza kwa kituo. Mtu akipata joto, mwili hutoa jasho, na jasho likikauka huondoka na lile joto. Kwa shemeji mlango huo umefungwa. Joto likiingia mwilini mwake linabaki humo humo. Chumba kikiwa cha moto, kichwa kinamzunguka na maneno yanamchanganyikia. Mara moja alianguka mlangoni, dada akabaki ameshika shati tu.

Ndiyo maana tulihamia jengo hili. Lina mtambo mmoja wa kupozea, uko uani. Mtambo unapoza maji. Maji yanapanda kwa bomba hadi kila nyumba, yanapita kwenye kiyoyozi cha chumbani, kisha yanarudi kwa bomba la pili kwenda kupozwa tena. Nyumba zote zinategemea mtambo huo mmoja, na kila nyumba ina mita yake. Yetu iko jikoni, ndani ya kabati la mabomba, pembeni ya jiko.

Asubuhi moja taulo lilikuwa bado bichi, tukasikia hodi. Hodi yenyewe tuliijua. Alikuwa mwenyekiti wa jengo, dereva mstaafu wa malori. Tunamwita Honi kwa sababu ya sauti yake. Anaishi ghorofa ya juu kabisa.

"Karibu, mwenyekiti. Kaa," Mama akamwambia.

"Sikai. Nikikaa nitakulowesheeni kiti." Kweli shati lake lilikuwa limeshikana na mgongo. "Nasema nikiwa nimesimama. Kule kwangu kiyoyozi kinapuliza upepo wa moto. Mke wangu analala kwenye sakafu tupu. Jana kamati ilipita kusoma mita zote. Nyumba hii inakula baridi ya nyumba nne."

Dada akaweka taulo chini. "Tunaila vipi? Tunawasha chumba kimoja tu."

"Mita haina undugu na mtu, mwanangu. Inasema ilichoona."

"Tafuta chini ya godoro, mwenyekiti," shemeji akasema. "Labda tumeificha huko."

Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

"Kamati imeamua," Honi akaendelea. "Kesho asubuhi koki ya maji yenu inafungwa, mpaka tujue baridi hiyo mnaipeleka wapi."

"Mkifunga koki, huyu nitamweka wapi?" dada akauliza.

Honi akaitazama mikono ya shemeji. Kisha akatazama ukuta. "Najua. Lakini na juu kuna watu." Akaondoka. Ngazini hatukumsikia akisema neno, na Honi kimya si kawaida yake.

Basi siku ile hakuna aliyekaa. Mama alifua nguo zilizokwisha kufuliwa. Dada alifungua dirisha, akalifunga, akalifungua. Alinituma dukani, na kabla sijafika mlangoni akaniita nirudi. Shemeji alitoka chumbani kuja kutufariji, dada akamfukuza arudi kwenye ubaridi wake.

"Nimekuwa samaki," shemeji akasema. "Nikitoka naoza."

"Rudi ndani, nimesema."

Mimi nilifungua kabati la mabomba nikaitazama ile mita. Sikuwa na la kufanya jingine. Tarakimu zilikuwa zinatembea taratibu. Mama akawasha jiko achemshe maji. Baada ya muda tarakimu zikaanza kukimbia. Nikaenda chumbani nikaweka kiganja mbele ya kiyoyozi. Upepo ulikuwa ule ule. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa. Nikarudi. Mama akazima jiko. Nikangoja. Tarakimu zikapunguza mwendo.

"Dada, njoo uone. Mita inakimbia Mama akiwasha jiko."

"Usiniongezee wazimu."

"Simama hapa tu."

Akasimama. Nikaliwasha jiko tena. Tulisimama bega kwa bega kama watu wanaongoja mtoto apige chafya. Tarakimu zikaanza kukimbia. Dada alishuka ngazi bila viatu, kwenda kumtafuta fundi wa mtambo.

Fundi huyo ni mwanamke mnene mwenye ovaroli ya buluu, na kila anachofanya anakifanya polepole. Alipokuja, Honi alikuwa nyuma yake.

"Nasikia mita yenu inakimbia mkipika," Honi akasema. "Kwani inanusa chakula?"

Fundi akanigeukia. Akaniuliza mimi, "Mnaiitaje hii?"

"Mita ya baridi."

"Soma hapo juu pameandikwa nini."

Nikasoma. "Joto."

"Hapo ndipo nilitaka kuuliza siku nyingi," Honi akadakia. "Sisi tumeomba baridi, mbona tunahesabiwa joto? Mtu anataka sukari, unampimia chumvi?"

"Ni kwa sababu baridi haiji kwenu, mzee. Hakuna anayeila. Maji yanakuja yakiwa kama ndoo tupu. Yanapita chumbani, yanachota joto lililomo, yanaondoka nalo. Chumba kikipungukiwa na joto, ninyi mnasema kuna baridi. Mita inahesabu joto lililobebwa kutoka."

Shemeji alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba. "Kwa hiyo maji hayo ndiyo jasho langu."

Fundi akamtazama, akaiona ile mikono. "Ndiyo," akasema. "Sikuwahi kulifikiria hivyo. Ni jasho lako."

Akachuchumaa mbele ya kabati, akatueleza huku akionyesha kwa kidole.

"Ili ijue joto lililobebwa, mita inatazama mambo mawili. La kwanza, maji mangapi yamepita. La pili, yameingia yakiwa na nyuzi ngapi za joto, na yanarudi yakiwa na nyuzi ngapi. Ukiwa na ndoo kumi, na kila ndoo imerudi imebeba joto kidogo, hesabu ni ndogo. Ndoo ni zile zile kumi, lakini kila moja imerudi imebeba joto jingi, hesabu ni kubwa. Kwa hiyo kuna vipimajoto viwili. Kimoja kinakaa ndani ya bomba la kuja, kingine ndani ya bomba la kurudi. Vyote vyembamba, kama misumari, na kila kimoja kina waya wake."

Akabonyeza kitufe. "Maji ya kuja, nyuzi saba. Vizuri." Akabonyeza tena. "Maji ya kurudi, nyuzi thelathini na moja."

"Si nilisema?" Honi akasema. "Wanakula."

"Ngoja. Nipe mkono wako, mzee. Shika bomba la kurudi. Hapa, chini ya hiki kitambaa."

Bomba lote lilikuwa limezungushiwa pazia kuukuu, limefungwa mafundo. Ilikuwa kazi ya Mama. Honi akapenyeza vidole chini ya pazia, akavirudisha haraka.

"Bomba hili ni baridi."

"Leo joto la nje ni nyuzi thelathini na moja. Bomba hilo lingekuwa na nyuzi hizo, ungelisikia baridi?"

Honi akavitazama vidole vyake. "Hapana."

"Basi kipimajoto hakipo kwenye bomba." Fundi akaanza kufungua mafundo.

"Usiguse hapo," Mama akasema. "Maji yatamwagika."

"Maji gani, mama?"

Mama akakaa kwenye ukingo wa kiti. Akazungumza akiwa amelishika pindo la nguo yake. "Bomba lilikuwa linatoa jasho. Linadondosha usiku na mchana, jikoni pote panalowa. Na huyu mkwe wangu miguu yake haitulii. Ningemwacha ateleze? Nikalifunga pazia. Sasa kile kijiti kilikuwa kimechomoza, pazia halikai. Nikakichomoa. Sikukitupa, nikakitundika kwa heshima zake zote."

"Ulikitundika wapi?"

"Hapo. Nyuma ya jiko, kisipate unyevu."

Sote tukageuza shingo. Kipimajoto kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari wa ukutani nyuma ya jiko, kimefungwa kwa uzi mweupe, kisafi kabisa. Kumbe Mama alikuwa anakipangusa vumbi kila siku.

Shemeji alianza kucheka hadi akashika ukuta. "Mama, umekipa kazi ya kulinda jiko. Kimelinda vizuri."

"Nawe nyamaza. Nilifanya kwa ajili yako."

"Najua, mama," shemeji akasema. Akaacha kucheka.

Fundi akapima bomba la kurudi kwa kipimajoto chake cha mkononi, akatufafanulia. Maji yalikuwa yanarudi na nyuzi kumi na tatu. Toa saba, zinabaki sita. Lakini mita ilikuwa inapima hewa ya jikoni. Thelathini na moja ukitoa saba, zinabaki ishirini na nne. "Sita mara nne," akamwambia Honi. "Nyumba zako nne ndizo hizo."

Honi hakukubali hivi hivi. Alijikuna shingo. "Nikiwaambia wa juu habari ya kijiti na pazia, watasema nimelishwa hapa. Nipe kitu cha kushika."

"Uani, pale kwenye mtambo, kuna mita kubwa. Inahesabu joto lote linalorudi kutoka jengo zima. Mlizijumlisha mita za nyumba zote mkalinganisha na ile?"

"Hapana. Tulitafuta aliyezidi, tukamfuata."

"Jumlisha. Utaona jumla ya nyumba imezidi mita kubwa, na imezidi sana. Nyumba haziwezi kutoa joto ambalo halikufika mtamboni. Ukiona hivyo, ujue kuna mita inayodanganya, kabla hujamshuku mtu. Na mimi nilipaswa kulitazama hilo mapema. Tena tulipofunga mita hizi hatukutia kufuli kwenye vijiti. Ndiyo maana Mama aliweza kukichomoa."

Honi akashuka uani na wanakamati wawili. Dada alibaki amesimama kwenye dirisha la jikoni, kando ya kabati la mabomba, akiwatazama kutoka juu. Alikuwa ameshika koki ya bomba letu kwa mkono mmoja, nadhani hakujua kama ameishika. Waliinama juu ya ile mita kubwa, wakainuka, wakabishana, wakainama tena. Mmoja akazitikisa simu zake mbili kana kwamba hesabu imekwama ndani. Mwishowe Honi akainua uso kuelekea dirishani kwetu, akapiga kelele jengo zima likasikia: "Imezidi."

Dada akaiachia koki. Alama ya koki ilibaki nyekundu kiganjani mwake.

Fundi alikirudisha kipimajoto kwenye tundu lake ndani ya bomba, akakisukuma hadi mwisho, akakifunga kwa waya wenye kufuli ndogo. Pazia la Mama akalikunja akampa. Badala yake akalivika bomba sponji nyeusi, akaziba viungo vyote kwa gundi.

"Bomba hutoa jasho kwa sababu hewa ya moto inaligusa," akamwambia Mama. "Sponji inaizuia hewa isiliguse. Likidondosha tena, niite mimi. Usilifunge nguo, na usiguse waya."

"Na nikipika?"

"Pika. Ila mlango wa chumba ufungwe, na pazia hili tundika kwenye dirisha la upande jua linakozamia. Kila joto linaloingia chumbani, maji yana kazi ya kulitoa, na mita italihesabu. Zamu hii kwa haki."

Mama akawasha jiko. Tukasimama wote mbele ya kabati. Tarakimu zilitembea polepole, na ziliendelea kutembea polepole mpaka maji yalipochemka.

"Sasa twende juu," fundi akamwambia Honi. "Kwako hakuna aliyekula kitu. Juu kabisa ndiko hewa hukwama ndani ya bomba, maji yakashindwa kupita." Niliwafuata. Alilegeza skrubu ndogo juu ya kiyoyozi cha Honi. Bomba likazomea kwa muda mrefu, kisha likatema maji. Mke wa Honi alikuja akasimama mbele ya kiyoyozi, akafumba macho.

Kesho yake hakuna aliyekuja na spana kufunga koki. Siku hizi kamati ikisoma mita inaanza na ile kubwa ya uani, ndipo inapanda kwenye nyumba. Jumla zisipokaribiana anaitwa fundi kwanza. Tayari wamegundua nyumba nyingine mbili ambazo mabomba yamevikwa nguo. Moja ilikuwa imevikwa soksi.

Jioni moja Honi alipita kwetu. Shati lake lilikuwa kavu.

"Leo nakaa," akasema, akavuta kiti kwa kishindo.

Mama akajiwekea kidole mdomoni na kumwonyesha chumbani. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Shemeji alikuwa amelala chali, hana taulo, miguu imetulia. Dada alikuwa amelala kando yake na viatu miguuni.

Honi akachungulia. Kisha akanong'ona, "Funga huo mlango, mama, joto linaingia."

Kumbe kunong'ona anajua.