Machela ya Kasungami

Haya yalimpata rafiki yangu Mutale, kiongozi wa skauti wa parokia yetu hapa Lubumbashi. Kambi ya Kasungami ilikuwa imekwisha na watoto wamesharudi mjini. Yeye alibaki kufungua kamba zilizounga miti ya meza na vichanja vya kambi, maana kwao miti huachwa porini, lakini kamba hurudi nyumbani zitumike tena.

Alifungua meza, akafungua kichanja cha vyombo, kila kamba akaitia guniani. Wingu la mvua likatanda, giza likaingia mapema. Ndipo akasikia nyuma yake kamba ikikazwa, kwii, kwii, halafu miti ikigongana.

“Ni nani iko pale?”

Alipogeuka, gunia lilikuwa tupu. Chini palikuwa na machela ya kubebea majeruhi, miti miwili iliyosukwa kamba katikati, na kila fundo limezungushwa kushoto. Mtu mmoja tu alikuwa akifunga vile: Paulin, skauti mwenzake wa kubeba machela, ambaye shimo la wachimbaji wa madini lilimfukia mwaka jana. Watu walichimba, wakachoka, wakamwacha humo humo.

Mutale hakukimbia. Angekimbilia wapi?

“Paulin, tulikutafutaka,” alisema polepole. “Tulishindwa tu.”

Kamba zikalia tena, kwii. Basi akachuchumaa, akaipa machela mgongo kama walivyozoea, yeye mbele, Paulin nyuma. Akashika ncha mbili za mbele, akanyanyua.

Ncha za nyuma nazo zikanyanyuka, sawasawa na zake.