Gasketi ya Tatu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Erica alikuwa na kazi yake. Lori la baba yake, Mzee Bartolomayo, lililazwa uani kwao Nzuguni. Injini ikiwa bado ya baridi, Erica alipanda juu ya bampa, akafungua kifuniko cha rejeta na kuangalia maji ya kupoza injini. Yakiwa yamepungua, aliongeza kutoka kwenye dumu la njano. Kisha aliita, "Maji tayari, baba!" na baba akawasha. Kazi hiyo aliiomba mwenyewe alipoingia darasa la sita. Matairi, kamba na mizigo vilikuwa jukumu la Sila, utingo aliyefanya kazi na baba kwa miaka minne.

Jumanne moja jioni lori lilirudi likivutwa na trekta. Lilikuwa limebeba matangi ya maji ya zahanati ya kijiji kimoja karibu na Haneti, ambako pampu ya kisima ilikuwa imeharibika. Halikufika. Lilitoa moshi mweupe, likazima njiani, na baba alipochomoa kijiti cha kupimia oili, aliikuta imechanganyika na maji mpaka imefanana na chai ya maziwa.

"Gasketi ya silinda hedi tena!" Baba alipiga mlango wa lori kwa kiganja. "Ya tatu ndani ya miezi miwili!"

Alimgeukia Sila. "Tangu ilipochemsha ile siku ya kwanza, injini hii haijapona. Na siku ile rejeta ilikuwa kavu kabisa. Maji uliyapeleka wapi?"

"Mzee, mimi sikuyagusa."

"Asubuhi ile Erica aliniambia tayari. Au uliyafungulia ukanawa?"

Sila alimtazama Erica, kisha akainamisha kichwa. "Sijui, mzee."

"Basi kesho usije. Sitaki mtu wa kuniharibia gari."

Erica alikuwa amesimama mlangoni. Siku ile ya kwanza, miezi miwili nyuma, aliamka amechelewa, na hesabu za mwalimu alikuwa hajazimaliza. Hakufungua hata kifuniko. Aliita tu, "Maji tayari, baba!" akakimbia shule. Sasa alitaka kusema, lakini mdomo haukufunguka. Sila alichukua koti lake kwenye kiti cha lori, akatoka bila kuaga.

Siku tatu zilizofuata Erica hakumsikia mwalimu wala hakuonja chakula chake. Mama alimgusa paji la uso akidhani ana homa.

Jumamosi baba alimchukua hadi gereji ya Fundi Mwajabu, mama wa makamo kutoka Kondoa ambaye kabla ya hapo hakuwahi kulishika lori lile. Lori lilikuwa limevutwa hadi pale.

"Shikamoo, fundi," alisema Erica.

"Marahaba, mwanangu. Sogea uone."

Fundi alikuwa ameshaing'oa hedi, yaani kile kichwa kizito cha injini. Mezani aliweka gasketi, bamba jembamba linalokaa chini ya hedi ili maji na oili visikutane. Ilikuwa imeungua upande mmoja. Kando yake aliweka zile mbili za zamani, ambazo baba alikuwa amezihifadhi. Zote ziliungua pale pale.

"Gasketi haina kosa," alisema. "Kuna kitu kinaiua. Mzee, lori hili liliwahi kukimbia bila maji?"

"Halijawahi. Maji huangaliwa kila asubuhi. Yule utingo niliyemfukuza ndiye aliyeliharibu. Funga gasketi mpya, fundi. Zahanati wananisubiri, kuna wajawazito wanabebewa maji kwa ndoo."

"Na ikizima tena mlimani, matangi yamejaa nyuma yako?"

"Funga tu!"

Fundi alihema, akanyoosha mkono kuichukua gasketi mpya.

"Baba, sikuangalia!"

Wote wawili waligeuka. Erica alisogea karibu na meza. "Siku ile ya kwanza. Nilisema maji tayari, lakini sikufungua rejeta. Kaka Sila hakufanya kitu."

Uso wa baba ulibadilika. Erica alingoja kofi. Halikuja. Baba alikaa juu ya tairi kuukuu.

"Na mimi," alisema mwishowe, sauti ikiwa chini, "ilipochemsha sikungoja ipoe. Nilimimina dumu zima la maji ya baridi. Fundi wa kwanza sikumwambia, na wewe nimekuficha. Niliona aibu."

Fundi Mwajabu aliirudisha gasketi mezani. Alichukua rula ndefu ya chuma, akailaza juu ya hedi, kisha akamulika tochi kwa nyuma. Katikati, chini ya rula, mwanga ulipenya kama uzi.

"Umeona, mwanangu? Hedi imepinda kwa joto. Hata ukifunga gasketi kumi, zitaungua zote. Lazima ipelekwe mjini ikasawazishwe kwa mashine, na ipimwe kama haina ufa. Jumatatu nitawafungia."

Mchana ule ule baba na Erica walikwenda kwa Sila. Walimkuta anafunga begi, anajiandaa kurudi kwao Kongwa. Baba alitangulia kuomba radhi. Erica akafuata, akilia.

Sila aliacha kufunga begi. "Mama yangu aliposikia nimefukuzwa, alinipigia simu akaniuliza nimeiba nini," alisema. "Hilo ndilo limeniuma, Erica." Alitazama begi, kisha akamtazama mzee. "Nitarudi. Lakini siku nyingine niulize kwanza, mzee, usinihukumu."

"Nitauliza," alisema baba.

Hedi haikuwa na ufa. Jumatatu fundi aliifunga kwa boliti mpya na gasketi ya nne. Jumanne lori liliondoka na matangi yamejaa, Sila akiwa pembeni ya baba. Saa nane mchana simu ya mama iliita. Walikuwa wamepanda milima yote, mshale wa joto haukupanda, na maji yalikuwa yanamiminwa zahanati.

Erica alikimbia gereji kumpa fundi habari. Fundi Mwajabu alifuta mikono kwa kitambaa.

"Injini haina mdomo, mwanangu," alisema. "Ikiumia, sisi tuliokuwepo ndio tunaopaswa kusema kilichotokea. Uongo wako ulikuwa wa maneno mawili tu, lakini uliunguza gasketi tatu na ulimfanya mtu afukuzwe kazi. Siku nyingine ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Siku hiyo kosa linakuwa bado dogo, na fundi anajua pa kuanzia."

"Nimeelewa, fundi," alisema Erica, na safari hii alikuwa anasema kweli.